UZI: Mkoani mpaka Ras Kigomasha siku nne, gari kidogo miguu mingi. Pemba ina milima jamani!

Baba_Nasra:
Asalam alaykum jamaa zangu. Uzi huu nimeuweka moyoni wiki mbili sasa bora niutoe. Kila siku mtu akiuliza humu wapi nende na familia anajibiwa Nungwi, Paje, Jambiani, basi. Pemba ikitajwa inatajwa kwa kupiga mbizi tu, kama kisiwa chote kipo chini ya maji. Mie mzaliwa wa Unguja, wazee wangu watu wa Wete, na maisha yangu yote Pemba nnakwenda kwa misiba na harusi, unashuka Mkoani unaingia kwenye gari unalala, unaamka Wete unakula biriani, kesho yake unarudi. Yaani nimepita njia ile pengine mara thelathini na sijaiona hata mara moja.

Mwisho wa Septemba nikamwambia mama Nasra safari hii twende bila msiba bila harusi. Tulikuwa wanne, mie, mama Nasra, Nasra mwenyewe ana miaka 11, na mpwa wangu ndo dereva. Gari ndogo ya shemegi tuliikuta kule kule Mkoani. Sharti langu lilikuwa moja tu, kila tukiona kilima kinatuita tunashuka tunapanda kwa miguu, hata kama tutachelewa kula.

Naandika kwa vipande nikipata nafasi, msinikatishe tamaa.

Bi_Mkarafuu:
Waalaykum salaam baba Nasra. Andika sie tupo. Mie wa Mtambile na nnaishi Dar mwaka wa kumi huu, andika usiache kitu.

Baba_Nasra:
Haya, siku ya kwanza. Ukishuka gatini Mkoani mji uko juu ya kichwa chako, si umeona? Barabara inapanda moja kwa moja kutoka bandarini na kila mtu anagombania gari apande nayo. Sie tukamwambia mpwa tangulia na mizigo tutakukuta juu. Mama Nasra alinitazama lakini akakaza kanga yake tukaanza.

Wallahi ule mwinuko si mchezo kwa mtu wa Ng'ambo ya mjini Unguja aliyezoea tambarare. Nusu ya njia kuna mzee kaweka toroli la machungwa, anamenya kwa kisu mpaka ganda linatoka utepe mmoja mrefu halikatiki, anakukatia kofia juu unafyonza. Tukasimama pale, Nasra akala matatu. Mzee akatuuliza, "Mwatoka wapi na mwenda wapi kwa miguu?" Nikamwambia tunatembea tu. Akasema, "Watembea tu! Basi huyu mtoto mpe na jingine, la kwangu hili." Tulipofika juu tukageuka, boti tuliyokuja nayo imekuwa kama ganda la njugu, na bahari ile ya Mkoani kijani kwenye mikoko, nyeusi kwenye mkondo. Mara thelathini nimepita pale sijawahi kugeuka nyuma.

Kwa asiyeijua Pemba, kisiwa chote, kilomita kama 67 kutoka kusini mpaka kaskazini, ni kilima bonde, kilima bonde. Juu mikarafuu na minazi, chini bonde la mpunga. Tulivyopita sie mpunga ulishavunwa yamebaki mabua na ng'ombe wanakula. Hakuna mlima wa kuvaa koti la baridi, sitaki kudanganya mtu. Lakini ukipanda vilima sita kwa siku moja magoti yatakwambia umepanda mlima.

kijana_wa_Utaani:
Sheikh mlipita barabara gani Chake kwenda Wete? Usiniambie mmepita mpya!!

Baba_Nasra:
Ya zamani yakhe, ile ya gari za abiria namba 606. Na ndo kisa chenyewe kilipotokea, subiri nikifikie.

Chake tulilala usiku mmoja. Nilikuwa na wasiwasi na gari mana tangu Ngwachani mshale wa moto ulikuwa unapanda, tukampelekea fundi mmoja hapo mjini akafungua akafunga akachukua pesa akasema rejeta haina neno nendeni. Haya tukaondoka asubuhi.

Ile barabara ya zamani kama hujaipita na akili zako timamu hujaiona Pemba. Inazunguka, inashuka, inapanda, miti mirefu huku na huku, pengine hata mbingu huioni. Na msimu ule wa karafuu harufu inaingia garini kabla hujaona jamvi lenyewe. Kila nyumba mbele pameanikwa, nyingine mpaka ukingoni mwa lami, zile mbichi kijani na wekundu kwa mbali, za jana zimeanza kuwa kahawia, za siku tatu nne nyeusinyeusi. Mtu ukiwa juu ya kilima unatazama chini unaona majamvi kama viraka kwenye nguo.

Bas tukafika kwenye mpando mmoja mkali gari ikachemsha. Moshi puuu. Mpwa wangu akazima, tukashuka tukatia mawe kwenye matairi. Mie nimeshakasirika na fundi wa Chake, namsema peke yangu. Maji tuliyonayo ni chupa moja ya kunywa. Mama Nasra akaona njia ya mguu inapanda kilimani, akasema juu kule kuna moshi wa jiko, twendeni tukaombe maji.

Nakuja kumalizia, nimeitwa.

Dereva_wa_602:
Ushauri wa haraka kwa wanaokuja na gari ndogo Pemba: kwenye mpando tia gia ndogo MAPEMA usingoje gari igune, zima AC, na ukiona mshale unapanda simama kabla haijachemka. Na kifuniko cha rejeta usikifungue ikiwa ya moto jamani, nimeona mtu kaungua mkono wote Konde. Ngoja nusu saa nzima.

mama_wawili:
Mie nimekaa hapa nangojea huo moshi wa jiko.

Baba_Nasra:
Samahanini. Tukapanda, njia nyembamba udongo mwekundu, unateleza hata mkavu, kama dakika ishirini hivi. Nasra yuko mbele anakimbia. Tukafika juu nyumba ya udongo bati juu, uwanja umefagiwa ukafagika, na bi mkubwa mmoja kakaa kwenye jamvi na wajukuu wawili, fungu la karafuu mbele yao kubwa limefika kifuani. Tukapiga hodi, tukasalimia shikamoo, nikamweleza gari yetu imechemka bondeni tunaomba maji. Akasema, "Maji yapo. Lakini gari yachemka hiyo, iacheni ipoe, mwakimbilia wapi? Kaeni."

Tukakaa. Sasa mtu wa mjini ukikaa bure mbele ya watu wanaofanya kazi unaona haya. Mama Nasra akanyoosha mkono akachukua kishada. Bi mkubwa akacheka akasema sivyo hivyo mwanangu, akatuonesha. Unashika kishada kwa mkono mmoja, unakigandamiza kwenye kiganja cha mkono wa pili unasokota kidogo, karafuu zinadondoka huku makonyo, vile vijiti vyake, yanabaki mkononi, makonyo unayatupa fungu la pili. Yeye alikuwa hatazami kabisa, anaongea na sie huku mikono inakwenda, tra tra tra. Sie kila mmoja anang'oa moja moja kama anachuna mboga. Baada ya robo saa hivi Nasra akaupata ule msokoto. Akanyamaza kimya, mtoto ambaye nyumbani hakai dakika tano bila simu, akachambua saa nzima na zaidi. Vidole vikawa vyeusi, akajilamba kwa bahati mbaya ulimi ukamfa ganzi, akacheka mwenyewe.

Bi mkubwa akamtengea fungu lake mbali kidogo, akasema hili la huyu mtoto lisichanganywe.

Akatuambia mengi. Marehemu mumewe alikuwa mchumaji, anapanda mkarafuu na ngoe yake ya kuvutia matawi na pakacha, mikarafuu ile ina urefu wa kutisha na matawi yake yanavunjika bila kukuarifu, na mwaka mmoja alianguka akavunjika nyonga hakupanda tena. Akatuonesha namna ya kujua karafuu imekauka, akachukua moja akaivunja karibu na sikio la Nasra, pwa! Akasema ikilia imeiva, ikipinda bado yataka jua. Na usiku lazima zifunikwe au ziingizwe ndani, umande ukizigusa zinaharibika rangi na daraja linashuka unapopeleka kwenye kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu.

Halafu chakula. Hatukuomba. Shelisheli limepikwa kwa nazi, nazi nzito imekaukia, na samaki chuchunge wa kukaanga wakavu wanavunjika. Nimekula kwenye mahoteli mimi, nimekula harusi za watu wakubwa, lakini shelisheli lile juu ya kilima kile, upepo wa kusi unapita, chini unaona mabonde mawili na kipande cha bahari, sijui niseme nini, nilikaribia kutoa machozi mbele ya mke wangu.

Tulishuka na ndoo ya maji na wajukuu wote wawili wanatusindikiza. Gari ikawaka.

Bi_Mkarafuu:
Baba Nasra umeniliza ofisini. Ile "pwa" ya karafuu! Bibi yangu alikuwa anatuvunjia hivyo hivyo sikioni.

mwanahistoria_wa_baraza:
Niongeze kidogo kwa vijana. Karafuu zilianza Unguja kwa nguvu zaidi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndo imebeba karafuu za nchi hii. Kwa iyo mkipita barabara ile ya zamani mkaona mikarafuu mpaka ukomo wa macho, sababu mojawapo ni upepo wa siku ile. Na hayo makonyo hayatupwi, yanakwenda kiwanda cha makonyo pale Wawi yanatolewa mafuta.

kijana_wa_Utaani:
Mie nataka kusema jambo msinikasirikie. Watu wanaisifu barabara ya zamani kwa uzuri lakini sie tunaoishi huku tunataka barabara pana iliyonyooka. Mama mjamzito akitoka ndani huko kupelekwa hospitali ya Abdalla Mzee zile kona si uzuri, ni mateso. Mgeni anapita mara moja, sie tunapita kila siku.

Baba_Nasra:
Umesema kweli na sina la kukupinga ndugu yangu. Barabara zitengenezwe, tena haraka. Mie nnachoomba ni kwamba mtu asiye na mgonjwa wala haraka aipite ya zamani angalau mara moja, ashuke, apande kilima kimoja.

mama_wawili:
Kidike mlikwenda? Popo?

Baba_Nasra:
Tulikwenda siku ile ile ya gari, jioni. Iko kati ya Chake na Wete, unaiacha barabara kubwa unaingia ndani. Sie tuliacha gari njia panda tukatembea, mashamba mashamba, watoto wanatufuata. Nilidhani nitaona popo kama wale wa darini. Wallahi wale ni wakubwa, bawa mpaka bawa mita moja na nusu na zaidi, wekundu kama mbweha kifuani, wananing'inia juu ya miti kama mafenesi halafu mmoja anafungua mbawa anajipepea. Jua likizama wanaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kula matunda, hawapigi kelele ya mbawa, kivuli tu kinapita juu yako. Mama Nasra ambaye anaogopa hata mjusi alisimama pale mpaka giza likaingia.

Bi_Mkarafuu:
Na popo yule hayupo popote duniani ila Pemba. Walikuwa wanaliwa sana zamani, mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno, ndo wanavijiji wakashika kuwalinda. Hata wazee wangu walikula, sisemi kwa kuwalaumu, ndo kitoweo kilichokuwepo. Lakini nnafurahi Nasra kawaona wengi.

Baba_Nasra:
Siku ya tatu Wete. Hii nitaipita mbio mana ilikuwa ya jamaa, shangazi zangu hawakutuachia. Ila halua! Asubuhi tuliletewa ya moto bado inavutika, kwenye kikapu cha ukindu, na kahawa chungu. Ya Wete haina mfano wake, nabishana na yeyote.

Siku ya nne Konde, halafu msitu wa Ngezi. Mnachukua mtembezaji pale kituoni, msiingie peke yenu. Mpando si mkali lakini ni msitu wa kweli, kibaridi ghafla kama umefungua mlango wa chumba chengine. Mtembezaji akatuonesha mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya minazi ambao asili yake hapa hapa Pemba. Akatusimamisha akasema tulieni, tukasikia ndege analia kwenye majani hatukumuona, akasema huyo ninga wa Pemba. Kuna aina nne za ndege hazipo kwengine ila kisiwa hichi, pamoja na bundi mdogo ambaye mpaka uje usiku.

Tukatoka msituni tukafika ufukwe wa Vumawimbi. Mchanga mweupe kilomita kadhaa, na tulikuwa sie wanne na mvuvi mmoja anashona nyavu. Hakuna duka, bebeni maji.

Mwisho Ras Kigomasha, mnara wa taa wa chuma. Mlinzi akaturuhusu kupanda, ngazi nyembamba zinazunguka tumboni mwa mnara, Nasra alihesabu tisini na kitu, mie nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Juu upepo unakuvua kofia. Msitu wa Ngezi nyuma, bahari pande tatu, mkondo mweusi kuelekea bara na ngalawa mbili tatu. Nikatazama upande wa bara nikaona ukungu tu, ilikuwa alasiri.

MtuWaTanga:
Hapo kwenye ukungu ndugu yangu ulikuwa unatutazama sie. Mie kwetu Usambara Mashariki, ukiwa juu Amani asubuhi kukiwa kweupe unaiona bahari kule chini. Babu yangu alikuwa anaendesha jahazi Tanga na Wete, alisema akirudi usiku ukikaribia alfajiri anaanza kuona milima kabla hajaona pwani.

mzee_wa_Makangale:
MtuWaTanga kasema kweli. Wanangu, nendeni kabla jua halijapanda, siku iliyofuata mvua, mvua ikisafisha hewa. Utaona mstari mweusi upande wa magharibi, mfano wa wingu lisilotembea. Wengi wanadhani wingu. Ile ni milima ya bara. Jua likichomoza vizuri inafutika.

Baba_Nasra:
Mzee wangu shikamoo na ahsante. Umenitia wazimu, lazima nirudi.

Dereva_wa_602:
Wasio na gari: Mkoani mpaka Chake ni 603, Chake Wete kwa njia ya zamani 606, Chake Konde 602 ndo mie. Kutoka Konde kwenda Ngezi na Kigomasha tafuta bodaboda, elewana bei ya kwenda na kurudi na umwambie akungoje, mana kule jioni hupati usafiri.

mama_wawili:
Baba Nasra umepotea. Ulirudi?

Baba_Nasra:
Nimerudi jamani, katikati ya Novemba, siku tatu, na safari hii nilimchukua na mzee wangu ana miaka 74. Rejeta mpya.

Tulilala Makangale tukaamka alfajiri, usiku ilinyesha. Mzee hawezi ngazi, alikaa chini ya mnara na tasbihi yake, tukapanda mie na Nasra. Mwanzo sikuona kitu. Kisha Nasra akasema, "Baba lile wingu mbona lina meno?" Nikatazama. Lilikuwa limekaa chini kabisa, rangi ya wino uliotiwa maji, lina mgongo unaopanda na kushuka. Nikampigia mzee kelele kutoka juu, "Twaiona!" Akajibu, "Mie nliiona utotoni, nikifuatana na baba kuvua. Tazameni vizuri, haikai." Na kweli, haikufika nusu saa ikayeyuka.

Kurudi Chake tulipita ya zamani. Tukasimama kwenye mpando ule ule, tukapanda na sukari, mchele na kanga doti moja. Bi mkubwa alimjua Nasra kabla hajanijua mie. Uwanja mtupu, karafuu zimeshauzwa. Tukakaa, tukaletewa uji wa pilipili manga. Kisha akamwita Nasra, akafungua fundo la kanga yake, akatoa noti mbili zilizokunjwa udogo wa ukucha.

"Fungu lako nilianika mbali, nkalipima mbali. Kibaba kimoja na nusu. Ujira wako huu."